Mwaka 2021 ukutani: waliotunukiwa, waliotuacha, na vitabu vilikofika

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kata hapa Newala. Kikundi chetu cha usomaji kimeamua kubandika ukutani karatasi za miaka ya fasihi, kila mwaka na karatasi yake: vitabu vilivyotoka, waliopata tuzo, na waandishi waliofariki. Tumekwama kwenye 2021. Wanafunzi wengine wanasema mwaka ule ni Gurnah tu. Wengine wamenakili majina mengi ya wageni ambao hakuna aliyewahi kuwasoma. Hata wanaomtaja Gurnah wanabishana tumwandike chini ya Tanzania au Uingereza. Tuandike nini, na mambo hayo yanatuhusu nini sisi wa huku kusini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pande zote mbili za darasa lako zina haki, ila kila upande umeshika kipande. Mwaka 2021 ulikuwa mwaka wa Afrika katika tuzo kubwa za fasihi, jambo ambalo sijaliona likitokea kwa kiasi kile. Lakini vitabu vyenyewe, karibu vyote, vilipita mbali na Newala. Karatasi yenu ikionyesha la kwanza na kulificha la pili, itakuwa imesema nusu ya habari.

Tuanze na Gurnah, maana hakwepeki. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana wa miaka 18 baada ya Mapinduzi, akaishia kufundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, mpaka alipostaafu. Tarehe 7 Oktoba 2021 Akademia ya Sweden ilimtangaza mshindi wa Nobel ya Fasihi. Ilimsifu kwa namna alivyoyaandika madhara ya ukoloni na majaaliwa ya mkimbizi, bila kupepesa macho wala kukosa huruma. Zawadi ya mwaka ule ilikuwa krona milioni 10 za Sweden. Mwafrika mweusi aliyewahi kuipata kabla yake alikuwa mmoja tu, Wole Soyinka wa Nigeria, mwaka 1986.

Ubishi wa Tanzania au Uingereza ulizuka nchi nzima wiki ile ile, na mimi haunisisimui. Pasipoti ya mwandishi ni shughuli ya watu wa Uhamiaji. Msomaji anachopaswa kuuliza ni nchi gani imo ndani ya kitabu. Chukua Paradise, riwaya ya mwaka 1994 iliyoingia orodha fupi ya Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza. Mtoto Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kufidia deni, anakulia dukani pwani, kisha anakwenda bara na msafara wa biashara, hadi Wajerumani wanapoingia na askari wao kubadili kila kitu. Au chukua Afterlives ya mwaka 2020, ambayo inawafuata vijana wa pwani waliojiunga na jeshi la Wajerumani na wale waliobaki nyumbani wakihesabu hasara. Vita ile, mwalimu, Vita Kuu ya Kwanza, ilipiganwa mlangoni kwenu. Mapigano ya Mahiwa, jirani na Nyangao kwenye njia ya Lindi kwenda Masasi, yalikuwa Oktoba 1917, na mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliuvuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji na askari na wapagazi wake. Mwandikeni Gurnah hivi: mzaliwa wa Zanzibar, anaishi Uingereza. Hapo hakuna wa kubishana naye. Nafasi inayobaki itumieni kutaja vitabu.

Kuna tarehe nyingine ambayo kwa ukuta wenu ni kubwa kuliko 7 Oktoba. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha SOAS, London. Kitabu kilichoandikwa na mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya nyumbani, kuhusu watu wanaosema Kiswahili, kilisubiri miaka 28 kusomeka kwa Kiswahili. Bila Nobel sidhani kama kingetoka hata mwaka ule.

Kwa hiyo nawashauri mwongeze safu moja kwenye karatasi yenu. Mna jina, kitabu na tuzo. Ongezeni safu ya mwaka ambao kitabu kilipatikana kwa Kiswahili. Pale ambapo hamna cha kuandika, acheni wazi, msijaze kwa maneno. Safu hiyo ndiyo itakayowaonyesha vijana kwamba tuzo ni habari ya siku moja, na kitabu kuwafikia ni kazi ya watu wengine kabisa: mfasiri, mchapishaji, mwenye duka, na wewe.

Sasa wale wageni ambao wanafunzi wako wamenakili majina yao. Wapitieni haraka, maana wengi mtawaacha safu ya mwisho wazi. Juni 2021 David Diop, Mfaransa aliyekulia Senegal, alipata International Booker, tuzo ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, kwa riwaya ya askari wa Senegal katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. (Iwekeni karibu na Afterlives, kwa sababu zote mbili zinawahusu Waafrika waliopigana vita vya watu wengine.) Tarehe 3 Novemba, siku moja, Damon Galgut wa Afrika Kusini alitangazwa mshindi wa Booker na Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal akatangazwa mshindi wa Goncourt ya Ufaransa. Sarr alikuwa na miaka 31. Hundi ya Goncourt ni euro 10 tu, wala si kosa la uchapaji, kwani fedha inatoka kwenye mauzo yanayofuata. Oktoba ya mwaka ule Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe alipewa Tuzo ya Amani ya wauza vitabu wa Ujerumani, na Boubacar Boris Diop, naye wa Senegal, akatajwa mshindi wa tuzo ya Neustadt ya Marekani ya mwaka uliofuata. Tuzo ya Caine ya hadithi fupi ilikwenda kwa Meron Hadero, mwenye asili ya Ethiopia.

Katika orodha hiyo kuna mambo mawili ambayo ningependa myakuze. Kwanza, zawadi ya International Booker, pauni 50,000, hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mfasiri. Kwetu mara nyingi jina la mfasiri huandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa ndani, kama limeibiwa mahali. Kwenye ukuta wenu jina la Hadjivayanis liandikwe kwa ukubwa ule ule wa Gurnah. Pili, kwenye orodha ndefu ya tuzo hiyo mwaka 2021 alikuwemo Ngũgĩ wa Thiong'o, kwa utenzi alioutunga kwa Kigikuyu na kuutafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwamba kazi ya lugha ya asili ya Kiafrika iingie orodha ile, wala mtu mmoja kuingia kama mwandishi na mfasiri wa kazi yake. Hakushinda. Boris Diop naye aliandika riwaya kwa Kiwolofu, mwaka 2003, baada ya kuwa amekwisha kujulikana kwa Kifaransa. Mwanafunzi atakayekuuliza kama mtu anaweza kuandika kwa lugha yake na bado akasikika duniani, hao ndio mashahidi wake wawili.

Mmoja nimemwacha kwa makusudi, kwa sababu sioni jina lake kwenye orodha uliyonitumia, na yeye ndiye jirani yenu. Tarehe 20 Oktoba 2021 Paulina Chiziane wa Msumbiji alipewa Tuzo ya Camões, tuzo kubwa kuliko zote katika lugha ya Kireno, yenye euro 100,000. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Wamsumbiji wenzake waliomtangulia ni José Craveirinha mwaka 1991 na Mia Couto mwaka 2013. Chiziane alizaliwa mwaka 1955 mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji, na riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1990, ndiyo inayotajwa kuwa riwaya ya kwanza kuchapishwa na mwanamke wa nchi ile.

Kitabu chake kinachonifanya nikutajie jina lake ni Niketche, cha mwaka 2002. Jina hilo ni la ngoma ya mapenzi ya kaskazini mwa Msumbiji. Rami, mke wa mkubwa wa polisi aliyefunga naye ndoa kanisani, anagundua kwamba mumewe ana wanawake wengine wanne, wa makabila tofauti, kila mmoja na nyumba yake na watoto. Mmoja ni Mmakonde. Mwingine ni Mmakua. Rami wa kusini hakuchezwa unyago, kwa hiyo anamwendea mwanamke wa kaskazini amfundishe kwa malipo yale ambayo wenzake waliyajua tangu ujanani. Yaani anatafuta kungwi ukubwani. Badala ya kuwapiga wenzake, anaishia kuwaunganisha wote dhidi ya mume. Msomaji wa Maputo anayakuta mambo ya unyago na ukoo wa upande wa mama kama mageni ya kushangaza. Msomaji wa Newala, Masasi au Nanyumbu angeyasoma akijua tayari yanazungumzwa nini, na pengine angemsahihisha mwandishi mahali mahali. Lakini kitabu kiliandikwa kwa Kireno, na sisi na Wareno tuliachana zamani. Kutoka ukingo wa Shimo la Mungu, hapo Newala, unaitazama Msumbiji kwa macho, ila fasihi yake inatufikia, ikifika, kwa kupitia London.

(Ni kitabu cha watu wazima. Kidato cha pili wasipewe.)

Na mwaka ule hasa ulitukumbusha kuwa mto si ukuta. Machi 2021 mji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ulishambuliwa, na waliokimbia walitafuta njia ya kuja upande wetu. Wenyeji wa vijiji vya mpakani hawahitaji kusimuliwa. Ninataja kwa sababu miezi saba baadaye tuzo mbili, moja ya Stockholm na moja ya Kireno, ziliwaendea waandishi wa pwani hii moja ya Bahari ya Hindi, mmoja wao akisifiwa kwa kuandika habari za wakimbizi. Wanafunzi wako wakitaka kuunganisha mambo hayo, waache waunganishe wenyewe.

Sasa waliofariki. Kwa 2021 waandikeni Nawal El Saadawi wa Misri, daktari na mwandishi aliyefungwa kwa maandishi yake, aliyefariki Cairo tarehe 21 Machi akiwa na miaka 89. Wapo pia Eric Carle, mchoraji na mtunzi wa vitabu vya watoto wa Marekani, aliyefariki Mei. Wilbur Smith, mzaliwa wa Zambia ya leo, aliyeuza riwaya za kusisimua kwa mamilioni, Novemba. Na bell hooks na Joan Didion, wote wa Marekani, Desemba. Jina la bell hooks liandikeni kwa herufi ndogo, ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Lakini misiba iliyoiumiza fasihi ya Kiswahili ilitangulia mwaka mmoja, na hapa nakuomba uivunje kanuni yako ya karatasi moja mwaka mmoja. Bandika 2020 pembeni ya 2021, ziguse.

Tarehe 9 Januari 2020 alifariki Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, aliyezaliwa 1944. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni, kisha baadaye ikawa kitabu cha kusomwa darasani. Ikafuata Kichwamaji mwaka 1974, na mwaka huo huo Kichomi, diwani iliyowakasirisha wenye kulinda vina na mizani. Ugomvi ule wa wanamapokeo na wanausasa ulikuwa mkali kweli, na mimi niliyelelewa na mashairi ya pwani nakuambia wazi: kwa vina nilikuwa upande wa wapinzani wake, kwa riwaya sikuwa na la kubisha. Vitabu vyake Nagona na Mzingile mpaka leo vinawatoa jasho walimu wa vyuo. Sehemu ya mwisho ya maisha yake ya ualimu aliifanyia Chuo Kikuu cha Botswana. Ukiniuliza ni kifo gani cha miaka ile kilichotupunguzia zaidi, ni hiki.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 10 Aprili 2020, Ken Walibora alifariki Nairobi baada ya kugongwa na gari barabarani. Wanafunzi wa Kenya walikulia Siku Njema, ya mwaka 1996, ambayo shujaa wake, Kongowea Mswahili, anaanzia maisha Tanga na kusafiri hadi Kitale. Kwetu hakusomwa vya kutosha. Mpaka wa mtaala nao ni mpaka.

Wa tatu wa 2020 ni wenu wa Mtwara. Benjamin Mkapa alifariki 24 Julai 2020 na kuzikwa kwao Lupaso, Masasi. Watu humkumbuka Ikulu, wakasahau kwamba alianza kwenye chumba cha habari, akawa mhariri wa magazeti, kisha mkurugenzi wa kwanza wa shirika la habari Shihata. Kumbukumbu za maisha yake zilitoka Novemba 2019, kwa Kiingereza, miezi minane kabla ya kifo chake. Mwekeni kama mwandishi bila wasiwasi.

Kitu kimoja cha 2021 ambacho si kitabu wala msiba, lakini hakiwezi kukosa ukutani mwa mwalimu wa Kiswahili: Novemba mwaka ule UNESCO iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2022.

Umeuliza yanatuhusu nini sisi wa huku. Ukiwa na kijana anayeandika, tuzo za kumhusu zipo, na hazimtaki ahame lugha. Tangu 2015 imekuwepo tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ilibadilishwa jina. Hiyo hupokea miswada ya riwaya na ushairi. Dotto Rangimoto alishinda upande wa ushairi mwaka 2017. Kisha ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa ya Mwalimu. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na kinachonivutia zaidi ni kwamba mswada ulioshinda huchapishwa na kupelekwa mashuleni. Nyanja na masharti hutangazwa kila msimu, kwa hiyo asome tangazo la mwaka husika, asitegemee la mwaka jana.

Na ipo Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, iliyoanza 2014. Hii ningeiandika kwa wino mwekundu, kwa sababu Ebrahim Hussein ni mzaliwa wa pwani ya Lindi, mwaka 1943, na Kinjeketile yake ya 1969 inasimulia vita vya Majimaji vilivyowashwa kwenye vilima vya Wamatumbi huko Kilwa mwaka 1905. Mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, huambiwa kila siku kwamba iko nyuma. Katika tamthilia ya Kiswahili ilikuwa mbele.

Kijana atakayetuma mswada na aupige chapa vizuri kwenye kompyuta, abaki na nakala yake, na ampe mtu mmoja asiyemwogopa ausome kwanza. Miswada mingi niliyowahi kuisoma kama mhariri haikuangushwa na kipaji. Iliangushwa na sura ya kwanza inayohubiri, au mhusika anayeongea kama hotuba ya mgeni rasmi. Hadithi ya Newala iandikwe kwa Kiswahili cha Newala. Msomaji wa Tanga ataelewa, na akishindwa neno moja ataliulizia.

Kuhusu kuvipata vitabu: maduka mengi ya Mtwara na Lindi huuza daftari na vitabu vya kiada, riwaya ni bahati. Njia inayofanya kazi ni kuagiza moja kwa moja kwa mchapishaji Dar es Salaam, mkalipa kwa simu, mzigo ukapanda basi. Unganeni shule mbili tatu mlipie kifurushi kimoja. Michango ya wazazi iombeni wakati wa minada ya korosho, Oktoba na Novemba, maana ukiomba Machi utapewa salamu tu. Inaangukia vizuri, kwa kuwa Nobel nayo hutangazwa Oktoba.

Fedha ikitosha kitabu kimoja, chukueni Peponi, nakala tatu au nne, wasome kwa zamu. Mwanzo wake una mwendo wa pole, dukani na uani kwa tajiri, na vijana waliozoea hadithi za kwenye simu watataka kukitupa. Waambie wafike kwenye msafara. Baada ya hapo kazi yako itakuwa kuwanyang'anya.